Jogoo wa Mjadala wa Barafu

Mami,

Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa ndani wa lile koti zito mama yako alilokuchagulia mitumbani Thika. Nimeitia huko kwa sababu najua hutalivaa hapa Gatuanyaga na jua hili, wala hutalivaa kwenye ndege, maana una kichwa kigumu kama changu na utasema husikii baridi mpaka ikuingie mifupani. Kwa hiyo ukisoma haya utakuwa umeshafika Norwei na utakuwa unatetemeka. Pole. Funga vifungo kwanza, halafu usome.

Hiyo ndiyo amri pekee utakayoipata kwangu. Mambo ya pasipoti, soksi, dawa ya mafua na unga wa uji mama yako ameyamaliza. Nimeona amekuandikia hata namna ya kusonga ugali kwa jiko la stima, na yeye mwenyewe hajawahi kuligusa. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu mwaka jana.

Leo ni Alhamisi, saa kumi za jioni, na kesho saa kama hii tutakuwa barabarani kukupeleka uwanja wa ndege. Umeenda Juja kuwaaga wenzako wa chuo. Shangazi zako wako nyuma ya nyumba wanamenya viazi vya mukimo na kubishana kama Mzungu anaweza kulipa mahari. Mimi nimejifungia kwenye kibanda cha vifaa, nimeketi juu ya friza mbovu ya yule mama wa maziwa, naandikia gotini. Kila pikipiki ikipita nadhani ni wewe umerudi. Nasimama, nachungulia, naona ni vumbi tu, naketi tena. Na bado hata hujaondoka. Sijui Jumamosi nitakuwa mtu wa namna gani.

Watu wakinisikia nakuita mami hushangaa, hasa wale wasio wa kwetu. Wewe ni msichana wangu wa kwanza, kwa hiyo ukapata jina la mama yangu, Wanjiru, na mwanamume hawezi kumgombeza mama yake hivi hivi. Nimetumia heshima hiyo vibaya. Nilikuita mami ukiwa mdogo, nikakuita mami ulipofaulu, lakini siku ile kanisani nilikuita “hawa watoto”. Nitafika hapo. Nazunguka kwanza, unanijua.

Cucu yako, huyo mama yangu, hukumkuta akiwa na nguvu. Nilipopata kazi ya kwanza Ruiru, kwa fundi wa friji mzee aliyenifunza, hapa kwetu hapakuwa na stima. Siku moja nilijaza ndoo barafu, nikaifunika kwa magunia mawili na maranda ya mbao, nikamletea ajionee mwanawe anafanya nini mjini. Ilifika imebaki nusu. Aliweka kipande mdomoni akasema kinachoma. Akashika kingine mkononi, akakikazia macho mpaka kikaisha chote, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kweli nimeacha shamba nikaenda kutengeneza kitu kinachopotea. Nilicheka mwezi mzima. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana.

Wewe ulirithi macho yale. Ulipokuwa darasa la nne ulikuja nami Ruiru kila likizo, mama yako akiwa sokoni. Ulinishikia tochi. Wateja wakanizoea kama Fundi Baridi na wewe wakakuita Baridi Mdogo, ukanuna. Unakumbuka friza ya yule mwenye bucha, ile ya milango miwili? Ilikuwa na gesi chafu ndani na ilibidi itoke ndipo niweke mpya. Nilifanya kama nilivyofunzwa na kama kila fundi ninayemjua anavyofanya: nililegeza nati, gesi ikaanza kutoka kwa mlio mrefu, nikawasha redio kupunguza kelele. Ukauliza gesi inaenda wapi. Nikakujibu kwamba inaishia hapo hapo hewani. Ukauliza inaishaje. Nikakwambia ushike tochi vizuri.

Hilo halikuwa kosa langu. Sikujua. Mtu asiyejua anasamehewa haraka, na mimi mwenyewe nimejisamehe. Kosa ninalokuandikia ni lingine.

Mwaka jana mwezi wa nane, Jumapili ya Familia. Kiongozi wa vijana akaja na wazo la mjadala baada ya ibada, wazazi upande huu, vijana upande ule, na washindi wapate jogoo. Akasoma mada kwenye simu yake: kwamba barafu ya kaskazini mwa dunia inayeyuka kwa sababu ya mambo tunayofanya sisi binadamu. Vijana waunge mkono, wazazi wapinge. Nusu ya wazazi hawakuwa wamesikia kwamba kuna barafu huko. Lakini mtu mmoja akanyoosha kidole akasema sisi tunaye Fundi Baridi, huyu amekula barafu miaka ishirini, atatusemea. Nikasimama kabla hajamaliza. Napenda kushinda, mami. Hilo sitalificha, hata kwenye mchezo wa draft nilikuwa nakushinda ukiwa na miaka saba.

Nikatuma mtu kwangu alete barafu na glasi. Nikaijaza maji mpaka ukingoni, vipande vinaelea, nikaiweka juu ya meza ya sadaka kila mtu aione. Nikawaambia waangalie kama itamwagika ikiyeyuka. Halafu nikaongea muda mrefu. Nikasema friza yoyote ukiizima barafu inayeyuka, ukiiwasha inarudi, na Mungu ana swichi yake. Wakapiga makofi. Nikasema barafu ilikuwa inayeyuka kabla ya babu zetu kuona gari. Makofi tena. Jua lilikuwa kali, barafu ikaisha, na glasi haikumwaga hata tone. Wamama wakapiga vigelegele. Ningegombea udiwani siku hiyo ningepita.

Ukasimama wewe. Ulikuwa umevaa ile blauzi ya kijani. Ulisema, bila haraka, kwamba glasi ni kweli lakini haikuwa swali. Barafu inayoelea haizidishi maji, ile iliyoko juu ya nchi kavu ndiyo inayoyazidisha, na hata hivyo hatukuulizwa kuhusu maji, tumeulizwa barafu inaisha na ni kwa nini. Ukaeleza kuhusu picha zinazopigwa kutoka angani kila mwaka, kwamba kila kiangazi cha huko kikiisha barafu ya baharini hubaki kidogo, inapanda na kushuka lakini kwa jumla ni pungufu kuliko ulipozaliwa. Ukasema watu wamelichunguza jua, wamechunguza milima ya moto, hesabu haikai. Inakaa tu ukiweka moshi na gesi zetu.

Nilikuwa nakusikiliza na nilikuwa naona fahari, nikwambie ukweli. Pia nilikuwa naona naelekea kushindwa na mtoto niliyemlipia karo, mbele ya watu wanaoniletea friji zao. Ndipo nikakukatiza.

“Na wewe umefika huko?” nikauliza. “Hawa watoto tunawapeleka shule, wanarudi kutufundisha barafu. Umefika?”

Watu wakacheka. Ukangoja watulie.

“Sijafika, Baba. Lakini hata wewe hujawahi kuingia ndani ya kompresa, na bado unajua kenye kinaendelea huko.”

Wakacheka zaidi, na safari hii hawakuwa wanacheka nami. Kisha ukaendelea. Nayakumbuka maneno yako yote. “Na si moshi tu. Kuna gesi zingine ni mbaya kushinda moshi, na haziko mbali. Hata hapo Ruiru kuna...”

Ukaniangalia. Nami nikakuangalia.

“Basi,” ukasema. “Ni hayo tu.” Ukaketi.

Mzee wa kanisa akaomba wanaokubaliana na wazazi wasimame, na karibu wote wakasimama. Nikabeba jogoo chini ya kwapa hadi nyumbani, watu wananisalimia njiani. Mama yako akamchinja jioni ile. Wewe ulikula ugali na sukuma, ukasema nyama huitaki, tumbo. Nikakutania kwamba walioshindwa hawana tumbo la kula kuku. Ukatabasamu kidogo na ukaondoa sahani. Kesho yake ulirudi chuo mapema, na tangu siku ile hujanibishia kitu. Sikuzoea. Nilikuwa nasema mambo ya upuuzi kwenye simu makusudi ili unirekebishe, na wewe unasema sawa, Baba. Nilikosa ubishi wako kuliko nilivyowahi kukosa kitu kingine chochote humu ndani.

Baada ya miezi mitano ukatuambia umepata nafasi ya kwenda kusoma barafu ya bahari, huko huko kaskazini, miaka miwili. Mama yako alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia tangi la maji. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikiuliza kama umefika. Pengine ulikuwa umepanga kwenda hata kabla ya mjadala, mama yako anasema hivyo. Lakini baba akimfukuza mtoto kwa mdomo wake, hata kwa mzaha, maneno hayo humrudia usingizini kila usiku.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Ungependa kuamini, na mama yako anaamini, kwamba nilibisha siku ile kwa sababu sikujua. Fundi wa zamani, shule kidogo, ameshikilia yake. Si hivyo. Mwaka mmoja kabla ya mjadala, wenye duka la vipuri walitualika mafundi semina ya siku moja kwenye ukumbi mmoja wa hoteli, Thika. Chai, mandazi, cheti mwishoni. Aliyetufundisha alikuwa msichana wa rika lako. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani kati yetu hufungulia gesi hewani. Tukacheka sote, hakuna aliyenyoosha mkono. Akasema basi atahesabu ni sisi wote. Kisha akatueleza. Kwamba ile gesi yetu ya friji, tukiiachia, haiishi. Inapanda, inakaa huko miaka na miaka, na inashika joto kupita moshi wa magari, kilo kwa kilo, tena si kwa kidogo. Akachora dunia ubaoni, akachora kofia nyeupe juu yake, akafuta kofia kidogo kwa kidole. Nilielewa. Mimi si mjinga, nikieleweshwa kitu cha baridi na joto nakielewa haraka kuliko wengi.

Nikarudi Ruiru na cheti, na wewe ndiye uliyenishikia ngazi nikakitundika ukutani. Ukauliza walitufundisha nini. Nikasema usalama kazini. Na wiki iliyofuata ililetwa friji ya maziwa, mteja amesimama mlangoni anaangalia saa, maziwa yake yanaharibika, na mashine ya kuvutia gesi sina. Nikalegeza nati, nikawasha redio.

Kwa hiyo nilipoibeba ile glasi hadi meza ya sadaka nilijua. Nilijua glasi ni kiini macho, nilijua swali ni lipi, na uliposema “hata hapo Ruiru kuna” nilijua neno linalofuata. Ulikuwa na haki ya kulisema. Ungelisema, jogoo angekuwa wako na mimi ningekuwa fundi anayejulikana tarafa nzima kwa kuachia gesi. Nilikuangalia kwa macho ya kukuomba. Sijawahi kumwangalia mtu hivyo, hata mama yako. Na wewe ukaketi.

Sijui kama uliwahi kukisoma kile cheti. Nadhani ulikisoma. Wewe husoma hata gazeti lililofungiwa nyama. Basi ulijua kwamba najua, ukaniachia nishinde, na mimi nikakutania kuhusu tumbo lako huku natafuna paja.

Nimejiuliza ni kwa nini ilikuwa ngumu hivyo. Mtu angeniambia gesi yangu ndiyo imeyeyusha barafu ya dunia ningecheka, na ningekuwa na haki. Mimi ni fundi mmoja wa Ruiru. Kuna viwanda, kuna nchi nzima nzima zimechoma makaa tangu kabla babu yangu hajazaliwa. Najua ukubwa wangu. Lakini kazi hii ndiyo kitu pekee nilichofanya maishani ambacho nilikuwa na uhakika ni kizuri. Nyama haiozi, maziwa hayaharibiki, dawa za mifugo zinakaa. Nilikulea kwa baridi. Kuambiwa kwamba hata hapo, katika jambo langu jema, nilikuwa naongeza joto, sikuweza kulibeba mbele za watu. Ilikuwa rahisi kusema barafu haiyeyuki. Na nadhani wengi wanaobisha jambo hili, wale wa kwenye redio pia, hawabishi kuhusu barafu hata kidogo. Kila mtu ana nati yake aliyoilegeza.

Kuna jambo jingine hulijui. Tangu mwezi wa pili tumeungana mafundi wanne wa Ruiru, tumenunua ile mashine ya kuvuta gesi irudi kwenye mtungi. Tunapokezana. Kazi ya dakika kumi sasa inachukua karibu saa nzima, na wateja wananiuliza kama nimezeeka. Sijakwambia kwa sababu ningelazimika kukwambia kwa nini.

Jumapili iliyopita walipokuita mbele wakuombee safari, na mchungaji akanipa maikrofoni nikubariki, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyarudia maneno haya yote nikiwa nanyoa. Nikaishika maikrofoni, nikaona wale wale watu, nikawashukuru kwa michango yao, nikasema Mungu akutangulie, nikarudi kukaa. Ulinipapasa bega. Ulidhani nimezidiwa na uchungu wa kuachwa, na ni kweli nilikuwa nao. Lakini zaidi nilikuwa mwoga, kwa mara ya pili, palepale.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Leo asubuhi nimeenda kwa mzee wa kanisa, nimemwomba dakika tano Jumapili hii baada ya matangazo. Akauliza ni za nini. Nikamwambia mjadala wa mwaka jana ulihesabiwa vibaya. Akacheka, akaniandika. Sasa siwezi kutoroka, jina langu liko kwenye karatasi. Mama yako atakupigia kwa video, usiseme chochote, sikiliza tu. Nitawaambia glasi ilikuwa ujanja, nitawaambia kuhusu gesi, na nitawaambia uliketi ili usiniaibishe. Nadhani mtu atauliza kuhusu jogoo. Wakinipunguzia kazi, watanipunguzia.

Nimeanza kukukosa tayari, mami. Natamani ungekuwa na miaka tisa na tochi, unauliza inaenda wapi, na mimi nazima redio nakujibu sijui, hebu tutafute. Ningekuwa baba mzuri zaidi wa hapo kuendelea. Sina nafasi hiyo, nina hii tu, karatasi nne na friza ya mtu.

Huko unakoenda watakuwepo watu wengi wa aina yangu. Watakuwa wazuri, watakuwa wamekukaribisha chakula, na watakuwa na jambo ambalo wangependa usilitaje. Utakuwa umesimama, unajua unachokijua, na utaona mmoja wao anakuangalia. Usitafute namna ya kumwokoa. Maliza sentensi yako, mami, hata kama anayekuangalia ni mimi.

Baba yako